Mshahara Unaopigwa Kalenda



Mtu akiacha kazi au akiachishwa, kisha akaenda kuulizia pesa zake za mwisho, ni nadra sana kuambiwa "hatukulipi". Huambiwa "njoo Ijumaa". Ijumaa anakuta mhasibu yuko benki. Jumatatu bosi kasafiri. Mwisho wa mwezi kuna mteja mkubwa hajaingiza hela. Akiingiza tu, wewe ndiye wa kwanza. Mjini tunaita kupigwa kalenda. Mimi nasema heri yule anayejibiwa kwa kiburi kwamba hana chake pale, maana atatoka na hasira zake na hasira zitamfikisha panapohusika. Anayepigwa kalenda anarudi nyumbani na matumaini, anayatumia hayo hayo kukopea unga dukani, na huku muda wake wa kisheria unayoyoma bila yeye kujua kwamba kuna mahali unahesabiwa.

Unahesabiwa kweli. Zipo kanuni za usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, zilizotoka mwaka 2007 kwa Tangazo la Serikali namba 64. Zinasema anayelalamika kwamba ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufikisha mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tuliyozoea kuiita CMA. Migogoro mingine, na humo ndimo yanamoingia madai ya mshahara, likizo na nauli, ina siku 60 tangu ilipozuka. Jumapili na sikukuu zimo humo humo. Majirani zetu wa Kenya, kwa Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, wana miaka mitatu ya kufungua shauri. Kwa hiyo anayenisikiliza akiwa ng'ambo ya pili ya Namanga anaweza kuvuta pumzi kidogo. Wa ng'ambo hii hana nafasi hiyo. Binafsi naona siku 60 ni chache mno kwa mtu aliyerudi kijijini huko Mpanda wakati mwajiri wake yuko Dar es Salaam, na sioni ubaya wa kulisema hilo redioni. Lakini ndizo zilizopo. Ipo fomu ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, ila utatakiwa ueleze kwa nini ulichelewa, na jibu la "bosi aliniahidi" si la kulitegemea.

Niwatoe kwanza wawili ambao mazungumzo haya hayawahusu sawasawa. Watumishi wa umma mna njia yenu, na huanzia kwenye Tume ya Utumishi wa Umma. Na ndugu zetu wa Zanzibar mna Sheria ya Ajira yenu, ya mwaka 2005. Waliobaki, wa viwandani, madukani, mahotelini, mashuleni kwa watu binafsi na majumbani mwa watu, tukae.

Siku moja nilikuwa kwenye benchi la mapokezi la kampuni fulani, nikisubiri shughuli zangu nyingine kabisa. Akaingia kijana mmoja, shati limepigwa pasi, na mlinzi akamsukumia daftari la wageni. Walikuwa wanafahamiana, mlinzi alimuuliza hata hali ya mtoto. Kijana akaandika jina. Kwenye safu ya "unakotoka" akaandika Buza. Akafika kwenye safu ya "shida yako", kalamu ikasimama. Akamtazama mlinzi, akatazama mlango wa ofisi ya uhasibu, mwishowe akaandika: binafsi. Nilipomuuliza taratibu tukiwa tumekaa, akaniambia anafuatilia mshahara wa mwezi wa Machi. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake binafsi.

Hapo ndipo wengi wetu tunapopotelea. Tumelelewa kuona kwamba kudai ni kukosa adabu, na kumdai aliyekupa kazi ni kukosa shukrani. "Mzee alinichukua sina mbele wala nyuma, leo nimpeleke Tume?" Basi mtu anaomba. Anakwenda na heshima zote, anasalimia mpaka na wasiohusika, anaondoka na tarehe nyingine. Shukrani kwa mzee ni jambo jema, na unaweza kumpelekea mbuzi Krismasi ukipenda. Mshahara wa Machi ulishafanyiwa kazi mwezi wa Machi.

Sasa chukueni kalamu, maana kuna hesabu. Wengi wanapodai, hudai kidogo kuliko wanachostahili kwa sababu hawajui kuna mafungu mangapi. Tuseme kuna mtunza stoo. Mshahara wake wa msingi ni 390,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku sita kwa wiki. Alichukuliwa Songea akaletwa Dar es Salaam, na amekaa kazini miaka mitatu na nusu. Likizo za nyuma alikwenda, ya mzunguko huu bado. Katikati ya mwezi anaitwa ofisini: biashara mbaya, tunapunguza watu, leo ndiyo mwisho. Bosi anamhesabia nusu mshahara, 195,000, anamwongezea elfu tano ya soda, wanapeana mikono. Jamaa anatoka akijiona amelipwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina jedwali lake la kukokotoa. Mshahara wa mwezi unaugawa kwa 4.333 upate wa wiki, kisha wa wiki unaugawa kwa siku za kazi. Huyu, ukiacha chenji ndogo, ni 90,000 kwa wiki na 15,000 kwa siku. Zile siku 13 alizofanya kazi mwezi huo ndizo 195,000 alizopewa. Hapo hakuna ugomvi. Lakini anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28, na huyu kaambiwa leo na leo, basi alipwe badala yake: wiki nne, 360,000. Likizo ambayo haijakamilika inahesabiwa siku moja ya mshahara kwa kila siku 13 za kazi. Nusu mwaka ni siku 156 za kazi, zinatoka siku 12 za likizo: 180,000. Halafu kiinua mgongo, ambacho ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, na miaka inayohesabiwa haizidi kumi. Ile nusu ya mwaka haimo; miaka mitatu inatoa siku 21, yaani 315,000.

Jumlisheni. Ni 1,050,000. Yeye kaondoka na laki moja na tisini na tano, pamoja na soda.

Na nauli bado hatujaigusa. Aliyeachishwa kazi mahali pasipokuwa pale alipochukuliwa anapaswa kusafirishwa yeye, familia yake na mizigo yake mpaka alikotolewa, au alipwe gharama hizo. Kama anasubiri kusafirishwa, kuna posho ya kujikimu ya kila siku mpaka siku ya safari. Waajiri waliowahi kukaa na mwanasheria mzuri hulipa nauli upesi kuliko fungu lingine lolote, na sababu yake mnaiona: kila siku ya "njoo Ijumaa" inaongeza deni.

Aliyeacha kazi mwenyewe kwa hiari yake hesabu yake ni fupi zaidi. Kiinua mgongo hana, kwa sababu hicho kinadaiwa pale mwajiri anapovunja mkataba na mfanyakazi ametimiza miezi 12 mfululizo. Mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo na usafiri vinabaki kuwa vyake. Kama aliondoka bila kutumikia notisi, mwajiri anaweza kukata kwenye pesa zake kiasi kile ambacho angelipwa kwa kipindi hicho cha notisi. Kukata kiasi hicho, nasema. Ule msemo wa "ulituacha kwenye mataa kwa hiyo huna chako hapa" hauna kifungu. Hata aliyefukuzwa kwa kosa la nidhamu lililothibitishwa, ambaye kiinua mgongo kimempita, mshahara wa siku alizozitumikia hauwi adhabu.

Nimetaja kukata, na hapa wahudumu wa baa na wa vituo vya mafuta najua wamesogeza kiti. Shoti. Siku ya mwisho ndipo shoti za miaka miwili hufufuka: glasi zilizovunjika, lita zilizopotea kwenye pampu, kreti mbili ambazo hakuna aliyeziona zikitoka. Mwajiri anaruhusiwa kukata hasara, lakini kwa masharti ambayo wengi hawajawahi kuyasikia. Pawe na ridhaa yako ya maandishi kuhusu deni hilo. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako wewe, si la zamu nzima. Uandikiwe chanzo chake, kiasi chake na namna kilivyokokotolewa, upewe nafasi ya kubisha, na kinachokatwa kisizidi hasara yenyewe wala robo ya malipo yako. Daftari la kaunta lenye jina lako na alama ya kujumlisha pembeni halifikii hapo.

Kuna karatasi nyingine ninayoiogopa kuliko daftari la kaunta. Wengine wanaiita fomu ya kumalizana. Imechapwa vizuri, ina nembo ya kampuni, na inasema mimi niliyetajwa hapo juu nathibitisha kupokea stahiki zangu zote na sina madai mengine yoyote. Pale penye kiasi pameachwa mistari ya nukta. Unaambiwa saini kwanza, fedha inaandaliwa. Ukiipeleka kampuni Tume baadaye ukisema hukulipwa, mwenzako atatoa karatasi yenye saini yako, na zile nukta zitakuwa zimeshapata namba. Ukikutana nayo, jaza mwenyewe kabla ya kusaini: nimepokea shilingi kadhaa, kwa tarakimu na kwa maneno, za mshahara wa siku 13 tu. Neno hilo "tu" liandike kwa herufi kubwa. Kisha ipige picha kwa simu yako palepale mezani. Akikataa usiandike, usisaini. Hakuna sheria inayosema mtu alipe kwa saini ya kufuta deni kwanza.

Nije majumbani. Tunaye binti aliyetolewa Singida au Iringa akaletwa mjini kufanya kazi za ndani. Mshahara wake hauoni. Mama mwenye nyumba anamwambia, "Nakuwekea, mwanangu, ukizishika wewe utazimaliza kwenye mawigi." Na wengine kweli huwawekea, siwezi kuwachafua wote. Inapita miaka miwili, siku moja sahani inavunjika au simu ya baba inapotea, maneno yanakuwa makali, na binti anajikuta Mbezi stendi na begi, kashikishwa nauli na kanga mpya. Pesa alizowekewa zimeliwa na chakula alichokula, dawa alizonunuliwa na nguo za Iddi ambazo alidhani ni zawadi.

Binti huyu ni mfanyakazi kama yule mtunza stoo. Hana mkataba wa maandishi, na watu wengi wanadhani hapo ndipo mambo yanapoishia. Sheria inataka mwajiri ndiye amwandikie mfanyakazi masharti ya kazi yake. Akishindwa kuyaleta mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Na Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, inamhesabu mtu kuwa ni mwajiriwa pale inapoonekana, kwa mfano, saa zake na namna yake ya kufanya kazi vinapangwa na mwingine, au anatumia vifaa vya huyo mwingine, au anamtegemea kwa riziki yake. Binti anayeamka saa kumi na moja kuandaa watoto wa shule kwa ratiba iliyobandikwa kwenye friji hana haja ya kujieleza sana. Wala usiku ule alioambiwa "ondoka" hauwi mwisho wa usafiri na siku zake za likizo.

Ushahidi unao, ila umezoea kuufuta. Ujumbe wa M-Pesa wenye jina la bosi na kiasi kilekile kila tarehe tano ni ushahidi wa mshahara. Ujumbe wa WhatsApp wa "kesho uwahi kufungua" ni ushahidi wa kazi. Taarifa ya michango ya NSSF inaonyesha nani alikuwa anachangia na tangu lini, na kama haionyeshi kitu wakati ulikuwa unakatwa, basi una jambo la pili la kuuliza. Sare, kitambulisho, picha ya daftari la mahudhurio, vyote hivyo. Usibadilishe laini ya simu mwezi uleule ulioachishwa kazi, hata kama umeichoka.

Sasa Tume yenyewe. Watu wanaiogopa kwa sababu wanaifikiria kama mahakama yenye kizimba. Kufungua mgogoro pale hakuna ada. Unaweza kwenda na wakili, na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, au na mtu wako wa kukuwakilisha. Lugha ni Kiswahili. Kabla ya kwenda, andika barua ya madai yenye mafungu na hesabu kama tulivyofanya kwa mtunza stoo, weka tarehe ya mwisho ya kulipwa, siku saba zinatosha, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa au isainiwe na aliyeipokea. Barua hiyo haisimamishi zile siku 60. Inakupa kitu cha kushika, na mara nyingine inatosha. Kuna waajiri ambao wakiona hesabu imeandikwa kwa mpangilio wanaelewa kwamba huyu hatakuja tena kusubiri mhasibu.

Isipotosha, unajaza fomu namba moja ya Tume. Hapa kuna jambo linalowakwaza wengi: nakala ya fomu hiyo unampelekea mwajiri kwanza, na unapoiwasilisha Tume unaambatanisha uthibitisho kwamba ameipata. Jaza kwa uangalifu. Fomu ina sehemu yake kwa wanaopinga kuachishwa kazi kwenyewe, na anayedai mshahara na likizo peke yake asijichanganye humo kwa hasira, maana hilo ni jambo lenye muda wake, zile siku 30, na hoja zake nyingine.

Mnaitwa kwa msuluhishi. Yeye hahukumu, anawakutanisha, na sheria inampa siku 30, labda mkubaliane kuongeza. Mwajiri asipotokea, shauri linaweza kuendelea bila yeye. Wewe uliyelileta usipotokea, linaweza kutupwa, kwa hiyo tarehe ya Tume si ya kuipiga kalenda na wewe. Usuluhishi ukishindikana ndipo linakwenda kwa mwamuzi, huko kuna ushahidi na viapo, na tuzo yake ina nguvu ya kukaziwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kama hukumu nyingine yoyote.

Kuna mwenye mgahawa anayenisikiliza sasa hivi akiwa na wafanyakazi wanne, na anasema huyu mtangazaji hajui maisha. Hela kweli haipo, mama ntilie jirani kachukua wateja, na kodi ya fremu imekaribia. Namwamini. Lakini anayekosa hela huwa na la kupendekeza: laki mwezi huu, laki mwezi ujao. Pendekezo hilo lipeleke kwa msuluhishi, liandikwe, msaini wote wawili. Mfanyakazi wako atalikubali haraka kuliko unavyofikiri, kwa sababu kinachomuumiza zaidi ya kuchelewa ni kutokujua. Makubaliano yaliyosainiwa pale yanawalinda wote wawili, wewe dhidi ya madai yanayoota mapya kila mwezi, yeye dhidi yako.

Swali linalobaki ni lile watu wanaloniuliza pembeni, si hewani: nikimdai, atanisemaje kwa mwajiri mwingine? Mji mdogo, watu wanapigiana simu. Siwezi kukuahidi kwamba bosi wako wa zamani hatanuna. Ninachojua ni kwamba mkataba ukiisha, kwa njia yoyote ile, mwajiri anatakiwa kukupa cheti cha utumishi. Hakitolewi kwa wapole tu, wala hakiwekwi rehani mpaka ufute madai. Kwa hiyo kwenye ile barua yako, chini ya mshahara, notisi, likizo, kiinua mgongo na nauli, ongeza mstari mmoja wa kudai cheti hicho. Mstari huo hauna hesabu ya kukokotoa, na ndio ambao watu husahau kuuandika.